Mlango wa Kupe

Wenye nyumba wenzangu huniuliza: mpangaji akichelewesha kodi, ufanyeje? Mimi huwajibu jambo moja tu. Usimng'olee mlango.

Wanadhani nina huruma. Sina huruma, nina mgongo. Aliyeng'oa mlango ni mimi, na aliyeketi mlangoni mchana kutwa ni mimi.

Habari yenyewe ni ya Kupe.

Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na mtaa. Kazi yake ilikuwa kudai. Barabara kubwa kuna duka la fanicha linalokopesha. Unatoa kianzio, unabebewa kochi lako, unalipa kidogo kidogo. Ukiacha kulipa, Kupe anakuja. Hapigi kelele wala hatukani. Anavaa shati jeupe, kifungo mpaka kooni, na viatu vya soli laini, humsikii akiingia. Anakuuliza, "Kochi linakaa vizuri?" Kisha analikalia yeye, na haondoki. Kuna bwana mmoja alikuwa anaoga, akanyoosha mkono nje ya bafu atafute taulo, Kupe akampa. Bwana yule alilipa akiwa na povu kichwani.

Kwangu alikuja hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa amekopa kabati la vyombo, lenye vioo, na mwezi ule alichelewa. Nilikuwa uani nanawa saruji miguuni, nikaona yote. Kupe akaingia, akaketi. Mke wangu alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mama, kabati halijambo?"

"Halijambo, mwanangu. Ngoja nimalize ungo huu."

Akaumaliza. Akamimina mwingine. Huku anachambua, anauliza. Mama yako yuko wapi? Alifariki lini? Unalala wapi? Nani anakupikia? Kupe anajibu. Maisha yake yote yeye ndiye aliyeuliza, siku ile aliulizwa. Jua likazama amekula, tena amepanga chumba chetu cha mwisho, kile cha karibu na bomba. Fedha ya kabati akailipa mwenyewe dukani, ikahesabiwa kuwa kodi yake ya kwanza.

Nikamwuliza mke wangu, "Umemfanyaje?"

"Sijamfanya kitu. Nimechambua mchele."

Na kodi alidai hivyo hivyo. Mpangaji akichelewa, mke wangu hasemi neno. Anachukua ungo na kigoda, anaketi mbele ya mlango wa mpangaji, anachambua. Anamsalimu kila anayepita. Mpangaji yuko ndani anasikia vijiwe vikitupwa uani. To. To. To. Hakuna aliyewahi kuvumilia mpaka mchele ukaisha.

Mimi sikudai. Mimi ni mwashi, kazi yangu ukuta. Nyumba ile niliijenga kwa mikono hii, sisi mbele, wapangaji nyuma, ua katikati. Matofali niliyajua yote. Wapangaji niliwajua kwa viatu vyao milangoni.

Kisha mke wangu akafa.

Sitasema mengi. Ungo wake niliuweka juu ya kabati. Kandambili zake zilibaki chini ya kitanda, upande wake.

Baada ya msiba wapangaji walileta kodi wenyewe, hata Mama Cherehani, fundi wa nguo wa chumba cha pili, ambaye zamani hakulipa bila kusikia ungo. Kupe hakuleta. Mwezi wa kwanza nikasema ana msiba kama mimi. Makaburini alilia kuliko ndugu. Mwezi wa pili nikanyamaza. Wa tatu, binti yangu akaja na dalali.

Dalali alikuwa kijana mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akitembea zinalia kama mbuzi mwenye kengele. Akaingia mpaka chumbani kwangu bila kuvua viatu. Akatazama kitanda. Akaupigapiga ukuta, lipu yangu mwenyewe.

"Hapa ukipitisha ukuta katikati unapata vyumba viwili."

"Na mimi nilale wapi?"

"Kwangu, baba," binti yangu akasema. "Sebuleni kuna kochi linakunjuka. Mama aliweza hii nyumba. Wewe huwezi, unadhulumiwa unatazama. Kama mwezi huu utaisha Kupe hajalipa, dalali anachukua funguo."

Dalali akainama, akachungulia chini ya kitanda. "Na hizi kandambili?"

"Ziache," nikasema.

Jioni ile nikaenda kumdai Kupe. Nikavaa shati safi kwanza.

"Hodi. Hodi. Hodi."

"Karibu, mzee wangu."

Alikuwa ameketi kitandani, anapiga viatu vyake rangi.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Pole na upweke."

"Nimeshapoa. Nimepita tu. Ile kodi... ukipata nafasi..."

Kupe akaweka kiatu chini. Akanitazama kama mimi ninavyotazama ukuta uliopinda.

"Samahani, mzee wangu. Umekuja kudai?"

"Ndiyo."

"Hivi ndivyo unavyodai?"

Nikashika kola ya shati langu safi.

"Hodi tatu! Hodi tatu ni za mgeni anayeomba maji. Mdai anapiga moja, mguu ndani. Halafu unaniuliza habari za kazi. Ukishaniuliza habari za kazi nimepona, nitakusimulia kazi mpaka usinzie. Na hiyo 'ukipata nafasi' ndiyo nini? Nafasi ninayo tele, hela ndiyo sina. Toka uje tena."

"Nitoke?"

"Toka, mzee, uje tena. Siwezi kutazama."

Nikatoka. Nikaja tena.

"Hodi." Mguu ndani. "Kodi."

"Ah-ah! Kwa upole, lakini usicheke. Na mbona unatazama chini kama umeangusha sindano?"

"Nimeona ufa."

Kweli, sakafu ilikuwa na ufa.

"Achana na ufa! Toka uje tena."

Wapangaji wote wakatoka uani kutazama. Mama Cherehani akasimamisha mashine yake.

"Baba, mbona unaingia unatoka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Ananifundisha."

"Anakufundisha nini?"

"Kumdai."

Pini zilizokuwa mdomoni mwake zikaanguka. Akaketi kizingitini akacheka hadi akajishika mbavu. "Nimesikia mganga hajigangi," akasema, "lakini wa kuwafundisha watu wamgange sijapata kumwona!"

Mara ya mwisho niliingia sikusema kitu. Nilikwenda moja kwa moja nikaketi kitandani kwake, nikamtazama.

"Kitanda kinakaa vizuri?"

Kupe akafumba macho. "Hapo," akasema. "Hapo, mzee. Mwili umenisisimka. Ningekuwa mtu mwingine ningelipa sasa hivi."

"Na wewe?"

"Mimi sina."

Tukakaa pale wawili.

"Sasa nifanyeje?" nikamwuliza. Alikuwa ndiye mtu pekee niliyemjua mwenye ujuzi wa mambo yale.

"Watu husema dawa ya deni kulipa. Dawa gani hiyo, mgonjwa hana pa kuipata? Sisi dukani mtu akishindwa kabisa tunabeba kitu chetu." Akatazama chumba chake. Kitanda chake. Ndoo yake. Shati lake jingine msumarini. "Humu kilicho chako ni mlango tu. Ng'oa mlango."

"Ning'oe mlango wako?"

"Wako, mzee. Ukiuita wangu hutaweza kuung'oa."

Nikaleta bisibisi. Mlango ule niliupachika mimi, mbao ngumu, bawaba tatu. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, Kupe akaenda kuazima mafuta ya cherehani. Ukalegea. Yeye akashika chini, mimi juu. "Inua kwako, mzee. Polepole, huo mgongo." Tukaubeba mpaka chumbani kwangu, tukauegemeza kwenye kabati. Akanishukuru. Nami nikamshukuru. Kila mtu akaenda kulala.

Asubuhi akatoka, shati jeupe, kifungo kooni. Akasimama mbele yangu.

"Mzee, mimi nakwenda kazini. Chumba kiko wazi na mlango unao wewe. Kikipotea kitu, nitakudai wewe."

Nikafikiri. Nikaona ni haki. Na nimeshawaambia Kupe anavyodai. Nikachukua kigoda nikaketi mlangoni kwake.

Ndivyo nilivyopata kazi uzeeni. Mwenye nyumba nalinda ndoo ya mpangaji asiyelipa. Chooni nakwenda mbio narudi mbio. Mvua ikinyesha nasogeza kitanda chake kisilowe. Jioni akichelewa nanung'unika peke yangu: mbona leo hajarudi, huyu? Akirudi ananiuliza, "Kulikuwa na mtu?" Namwambia, "Hakuna." Ananiambia, "Kazi nzuri, mzee."

Mama Cherehani hakuacha kunichokoza. "Baba, huyo tajiri wako anakulipa vizuri?"

"Tajiri gani?"

"Unayemlindia."

"Hajalipa."

"Basi mng'olee mlango!"

Lakini hayo ya Mama Cherehani yalikuwa ya nyumbani. Yaliyofuata yalitoka nje. Habari zikafika mitaani kwamba Kupe amedaiwa, na kwamba amedaiwa mpaka mlango. Watu aliokuwa akiwadai wakaanza kuja kutazama. Wa kwanza alikuwa kinyozi wa njia panda, aliyekopa viti viwili vya wateja.

"Shikamoo, mzee. Ni hapa?"

"Marahaba. Ni hapa."

"Kumbe kweli hauko." Akaingiza mkono mahali pa mlango, akautoa, akauingiza tena. "Kwa hiyo na yeye anadaiwa?"

"Anadaiwa."

Akafurahi kama mtu aliyeambiwa amepata mtoto wa kiume. Akaenda akarudi na wenzake. Wakapita mmoja mmoja, wanashika miimo, wanatikisa vichwa. Mama mmoja wa makochi matatu akasema, "Mungu si Athumani," akanipa pole na mkate.

Kuanzia hapo hawakulipa tena. Kupe akiingia kwa mtu, akiketi, akiuliza, "Kochi linakaa vizuri?", naye anaulizwa, "Na mlango unafunga vizuri?" Anainuka anaondoka. Alikuwa hajawahi kuondoka nyumbani kwa mtu kabla hajalipwa. Jioni anarudi mabega yameshuka, kifungo cha kooni kiko wazi.

"Mzee, umeniharibia kazi."

"Si wewe uliyesema ning'oe?"

"Nilisema kama fundi. Sikusema kama mpangaji."

Siku moja kinyozi akaja mbio, kiti cha mkopo kichwani.

"Mzee, nipishe ndani. Kupe yuko kwangu, anataka kubeba viti."

"Lakini humu ni kwa Kupe."

"Ndiyo maana! Mchana kutwa hafiki humu."

Nikafikiri tena. Mimi nilipewa kulinda vitu visitoke. Vya kuingia sikuambiwa. Nikampisha. Akaweka kiti, akajilaza kitandani, akalala usingizi mzito. Kesho yake akaleta cha pili. Mama wa makochi akaleta meza ndogo, na mto wa kuegemea, akasema kochi zima lingembwaga njiani. Mwingine rafu ya viatu. Hawakugombana, walipanga vizuri, mimi nawaonyesha ukuta usio na unyevu. Jioni kabla Kupe hajarudi kila mtu anakuja kuchukua chake. Asubuhi wanarudisha. Chumba cha Kupe mchana kilipendeza kuliko duka.

Hadi siku ile alipoumwa kichwa akarudi mapema.

Alisimama mahali pa mlango. Kinyozi alikuwa amelala chali kitandani, miguu juu ya meza ya mkopo.

"Wewe!" Kupe akasema. "Kwako nimepiga hodi tangu asubuhi!"

Kinyozi akaketi, akajipangusa mate. "Na mimi niko hapa kwako nakungoja tangu asubuhi. Ndugu yangu, tunapishana tu."

Akachukua kiti chake, akaaga vizuri, akaondoka. Kupe hakumfuata. Akaketi kwenye meza ya mama wa makochi. Akavua viatu. Soli laini zilikuwa zimeisha kabisa, kidole kilionekana.

Siku ile ndiyo nilimwuliza. Tangu jioni ile ya somo sikuuliza tena, maana alinifundisha mdai haulizi habari za kazi.

"Habari za kazi?"

Akanitazama. Hakunisahihisha.

"Tajiri wa duka hajanilipa tangu Mama afariki," akasema. Mke wangu ndiye aliyemwita Mama. "Kila mwezi ananiambia mwezi ujao."

"Umemdai?"

"Nimdai vipi, mzee? Yeye ndiye aliyenifundisha kudai. Napiga hodi moja, mguu ndani, ananiambia, 'Umeinua kisigino mapema.' Naketi, kabla sijafungua mdomo ananiuliza, 'Kiti kinakaa vizuri?' Nikinyamaza, ananyamaza zaidi. Hakuna neno ninalolijua ambalo hakunipa yeye."

Akachukua viatu vyake, akavipanga mbele ya miguu yake.

"Kesho mwezi unaisha, mzee. Dalali anakuja. Nimefikiri nihame leo. Nikihama, binti yako hana la kusema."

"Ukihama unahama wewe. Deni linabaki na mimi, na funguo zinakwenda."

"Basi nifanyeje?"

Mtu mwenye ujuzi sasa ananiuliza mimi. Nikarudi chumbani kwangu. Mlango wake uko pale pale, umeziba kabati. Nikautazama. Juu yake, ukingo wa ungo unachungulia.

Tajiri alijua kila namna ya kudai. Ile moja hakuijua. Aliyeijua hakuwa mtu wa dukani.

Asubuhi nikamwita Kupe tukausogeza mlango. Sikumwambia kwa nini. Nikashusha ungo. Ulikuwa na vumbi, nikaupangusa kwa shati. Nikanunua mchele, nikamwomba muuzaji anipe ule mchafu kuliko wote. Akanipa kwa furaha. Nikaenda barabara kubwa.

Duka lile kila kitu kinauzwa. Tajiri mwenyewe, mzee mwembamba mwenye miwani ya kamba, ameketi nyuma ya meza yenye bei, kwenye kiti chenye bei. Mimi nikachagua kochi kubwa la mbele, la dirishani, linaloonekana toka barabarani. Sikupiga hodi hata moja. Nikaketi, nikaweka ungo mapajani, nikamimina mchele.

"Karibu, mzee," tajiri akasema. "Unataka kochi?"

"Hapana."

"Unataka nini?"

"Nachambua mchele."

Akanitazama. Akavaa miwani, akanitazama tena. "Kwa nini hapa?"

"Kuna mwanga."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikaokota kijiwe, nikakitupa sakafuni kwake. To. Akaniletea soda. Kupe aliniambia mdaiwa akikuletea soda usiiguse. Sikuigusa. Akaniambia anafunga duka. Nikamwambia funga, mimi sina haraka. To. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamjibu zote kwa kirefu, mpaka yule mbwa wa jirani. To.

Kazi yenyewe ilinishinda. Vidole vya mwashi ni vinene, vimezoea mwiko. Mama wawili wakaingia kutazama magodoro, wakasimama kunitazama mimi.

"Jamani baba! Unatupa mchele, unabakiza mawe!"

"Nakosea?"

"Unakosea? Lete hapa." Akaninyang'anya ungo, akaketi kando yangu. Mwenzake akaketi upande wa pili. "Kwani nyumbani hakuna mtu wa kukuchambulia?"

"Alikuwapo," nikasema.

Ungo ukapepetwa, pumba zikaruka juu ya makochi mapya. Tajiri akainuka, akaketi.

"Na hapa unangoja nini, baba?"

"Mshahara wa mpangaji wangu."

"Mpangaji wako nani?"

"Kupe."

Dukani kulikuwa na watu. Mwingine amekuja kulipa kidogo kidogo, mwingine kuomba aongezewe muda. Wote wakageuka. Na mmoja wao, Mungu ana mambo, alikuwa yule bwana wa taulo.

"Kupe halipwi?" akauliza.

"Hajalipwa tangu mke wangu afariki."

"Yaani," bwana akasema polepole, "mtu amenifuata mpaka bafuni, amenishikia taulo, na halipwi?" Akamgeukia tajiri. "Huyo alinifuata bure?"

"Si bure..." tajiri akasema.

"Wewe humlipi anayedai, mimi nikulipe unayedai?" Akarudisha fedha mfukoni. Wengine nao wakarudisha zao. Mama mwenye ungo akasema, "Na sisi tutasema sokoni," akatupa kijiwe. To.

Kupe aliingia wakati huo. Viatu vyake viko kimya, hakuna aliyemsikia. Alisimama akatazama ungo. Akautazama muda mrefu. Alikuwa anaujua.

Tajiri akamwona. Akafungua mdomo, labda amwambie ameinua kisigino. Akawatazama watu, akatazama fedha zilizorudi mifukoni, akatazama pumba kwenye kochi la dirishani. Akavuta mtoto wa meza, ile yenye bei, akatoa. Kupe akapokea mshahara wa miezi yake yote, akageuka, akanipa wangu pale pale mbele ya wote. Yule bwana wa taulo akapiga makofi, kisha akakumbuka naye anadaiwa, akaacha.

Njiani Kupe alibeba ungo, mimi mchele. Karibu na nyumbani akasema:

"Mzee, umeketi vibaya. Umeupa mlango mgongo. Mdaiwa angeweza kutoroka."

"Sawa."

"Na soda ungeisogeza mbali, isikutamanishe."

"Sawa."

"Lakini umedai." Akapangusa jicho kwa mkono wa shati jeupe.

Binti yangu na dalali walitukuta tunapachika mlango. Mimi nimeshika bisibisi mdomoni, Kupe amekumbatia mlango kama anacheza nao dansi.

"Bawaba ya chini imelegea," dalali akasema.

Nikampa binti yangu kodi ya Kupe aione. Hakuitazama. Alikuwa anatazama kigoda, maana juu yake kulikuwa na ungo.

"Nani ameshusha ungo wa mama?"

"Mimi."

"Umekwenda nao wapi?"

"Barabara kubwa. Dukani kwa kina Kupe."

"Umeketi dukani kwa watu? Ukachambua mchele?"

"Walinisaidia."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa namna ya mama yake, kwa pua kwanza. Halafu akaketi kizingitini, akafunika uso kwa kitambaa, na hakikuwa kicheko tena. Nikamwacha. Nikakaza skrubu ya chini. Alipoinuka alimwambia dalali aende tu, funguo zinabaki.

"Na nauli yangu?" dalali akauliza. "Na muda wangu? Nimekuja mara mbili, dada."

"Nitakupa mwisho wa mwezi," binti yangu akasema.

"Mwisho wa mwezi ni leo. Kama itawezekana, dada... ukipata nafasi..."

Kupe akauachia mlango. Nusura uniangukie.

"Samahani, ndugu yangu," akamwambia. "Hivi ndivyo unavyodai? Umesimama? Toka nje uje tena."

Dalali akatoka, funguo zinalia. Akaja tena. Kupe akatikisa kichwa. "Na hizo kengele zivue. Mdai hasikiki." Akamtoa tena. Mama Cherehani akasimamisha mashine, akaleta kigoda chake akaketi kutazama. Mpaka dalali aliposhika ile kazi na binti yangu akampa nauli, wali ulikuwa umeiva.

Mchele ule ule. Tukala wote uani, na dalali naye. Kila kijiko kinasema kra. Kila mtu anatoa jiwe lake mdomoni na kulipanga pembeni ya sahani.

"Mke wangu hakuwahi kubakiza jiwe," nikamwambia Kupe.

"Najua, mzee," akasema, akasogeza sahani aongezewe.